Khalati, natafuta mfadhili wa kushindana na farasi wa Kiarabu

Shikamoo Khalati,

Natumai u mzima wa afya. Mimi ni msichana wa miaka 16, mzaliwa wa Mombasa, lakini tangu nikiwa darasa la tatu tunaishi Brooklyn Park, Minnesota. Mama anauguza wazee, baba anaendesha malori ya masafa marefu. Kiswahili changu hakijapotea kwa sababu baba ameweka sheria: baada ya magharibi, Kiingereza kinabaki nje ya mlango.

Khalati, mimi nimeshikwa na farasi. Kila wikendi huenda kwenye zizi moja nje ya mji, nazoa samadi, nabadilisha maranda, navunja barafu kwenye ndoo za maji wakati wa baridi. Silipwi pesa, nalipwa somo la kupanda. Zizi hilo ni la farasi wa Kiarabu na machotara wao tu. Kocha anasema nina mkono mwepesi, kwamba farasi anayewasumbua wengine kwa kuvuta hatamu, kwangu hutulia. Msimu uliopita alinipa farasi wa zizi nikashiriki maonyesho madogo ya hapa hapa, nikarudi na utepe wa manjano, yaani nafasi ya tatu.

Sasa nataka msimu mzima: ubingwa wa farasi wa Kiarabu wa Kanda ya 10 pale St. Paul, na Mungu akijaalia, ubingwa wa taifa wa vijana kule Oklahoma City. Nilimwuliza kocha itanigharimu nini. Akaandika kwenye karatasi: dola 9,400, na hapo ni kama nitapata farasi wa kukodi kwa bei ya huruma. Mama alicheka, halafu akanyamaza. Baba akasema huo ni mchezo wa matajiri, sisi hatukuvuka bahari kuja kupanda farasi. Nikamwambia basi tufanye harambee, kama tulivyochangiana wengine wakiwa na shida. Hapo ndipo alipokasirika kweli. "Harambee ni ya maiti, hospitali na karo. Nisimame mbele ya watu wanaofanya kazi zamu mbili niwaambie binti yangu anataka kupanda farasi?"

Nikaamua kutafuta wafadhili mwenyewe. Nimetuma barua kwa kampuni za chakula cha farasi, za matandiko, hata kwa benki. Barua inaanza hivi: "Mimi ni msichana mwenye ndoto kubwa, na naamini kwa msaada wenu nitafika mbali." Kampuni moja ilijibu kunishukuru. Nyingine kimya.

Kuna mmoja tu aliyenifuata, kwenye Instagram. Anasema ana mazizi Texas na Dubai, na kwamba atanilipia msimu wote na kunipa farasi jike wa kumpanda. Anataka tuzungumze WhatsApp tu, nisimwambie kocha kwa sababu makocha wana wivu, na wazazi tuwaambie mambo yakishakamilika. Nitoe dola 180 za kusajili mkataba. Nina akiba ya 240. Najua huenda si kweli, lakini picha za farasi wake ni nzuri mno, na hakuna mwingine anayenitaka.

Swali jingine dogo: navaa hijabu chini ya helmeti. Msichana mmoja zizini aliniambia nikiivua nitapata wafadhili upesi. Ni kweli?

Mkono Mwepesi, Minnesota

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako umeiandika vizuri, ila jambo kubwa umelificha chini, karibu na kwaheri. Mimi naanzia huko chini.

Huyo mwanamume mfungie mlango leo. Kabla ya kumfungia, piga picha kila ujumbe aliokutumia, kisha kaa na mama yako umwonyeshe simu tangu ujumbe wa kwanza. Najua utaona haya. Muonyeshe hivyo hivyo. Mfadhili hamdai anayemfadhili dola 180, hilo hata wewe ulishalinusa. Lakini pesa ndiyo sehemu ndogo ya habari hii. Kinachonitisha ni mtu mzima anayemwambia mtoto wa miaka 16 amfiche kocha na awafiche wazazi. Hapo Marekani, tangu mwaka 2017, kipo chombo cha kuwalinda wanamichezo dhidi ya unyanyasaji, kinachoitwa U.S. Center for SafeSport, na shirikisho la michezo ya farasi, USEF, liko chini ya kanuni zake. Mtu mzima mwenye madaraka kwenye mchezo akimwandikia mtoto, mzazi au mtu mzima mwingine wa familia lazima awemo kwenye mazungumzo. Akitaka kukaa naye, wakae mahali wanapoonekana na mtu anaweza kuwakatiza. Mwenye zizi anayepeleka farasi maonyeshoni hawezi kudai halijui hilo. Kwa hiyo yeyote atakayekuja baada ya huyu, mpime kwa sentensi moja: "Namuunganisha mama kwenye mazungumzo haya." Wa kweli atashukuru. Mwingine atakwambia mama ataharibu mambo.

Na picha nzuri zisikubabaishe. Farasi wa Kiarabu, kwa kile kichwa chake kilichobonyea puani na mkia anaoubeba juu kama bendera, ni kipenzi cha wapiga picha dunia nzima. Kuchukua picha ya farasi wa mwenzio na kuiweka kwako hakuhitaji zizi.

Haya, tuje kwenye dola 9,400.

Kabla sijarudi pwani nilishika vitabu vya hesabu vya zizi moja la farasi wa Kiarabu kule Arizona, jimbo ambalo kila Februari mji wake wa Scottsdale hufurika matrela ya farasi kutoka kila upande. Bili za wazazi zilipita mikononi mwangu, na nakwambia kiingilio cha mashindano ndicho kilichokuwa kidogo kupita vyote. Kulikuwa na kumsafirisha farasi kwa trela. Kulikuwa na banda lake uwanjani na magunia ya maranda ya kulijaza. Ada ya kocha kwa kila siku ya onyesho. Fungu lako la banda la matandiko, ambalo zizi zima hugawana, na fungu lako la hoteli ya kocha, ambalo wazazi wengi hawalijui mpaka bili ifike. Ada ya kupima farasi dawa. Uanachama wa USEF na wa chama cha farasi wa Kiarabu, Arabian Horse Association. Halafu nyuma ya hayo yote yupo farasi mwenyewe, anayekula, anayefunzwa, anayechongwa kwato na kuonwa na daktari mwezi baada ya mwezi, onyesho liwepo lisiwepo.

Mrudie kocha, umwombe kwa adabu akuvunjie ile jumla mstari kwa mstari. Kisha chora mstari katikati ya karatasi: upande huu gharama za farasi, upande huu gharama zako wewe. Utaona upande wa farasi unavyoumeza wa kwako.

Hapo ndipo mimi na wewe tunapoachana njia. Wewe unatafuta mfadhili. Mimi nasema tafuta mwenye farasi.

Mwenye farasi tayari analipa. Analipa chakula, analipa mafunzo, na mara nyingi analipa onyesho, kwa kuwa anataka farasi wake aonekane. Kinachomkosa wakati mwingine ni mtoto wa kumpanda. Fikiria upande wake. Farasi wa Kiarabu wana sifa, ya haki au ya kusingiziwa, kwamba damu yao ina moto, si wa kila mtu. Mfugaji anayetaka kuuza hana tangazo zuri kuliko farasi wake kuingia ulingoni na binti wa miaka 16 mgongoni, masikio mbele, hatamu zimelegea kidogo, akitembea, akienda mbio ndogo na kurudi kwenye matembezi bila kubishana. Mnunuzi aliyekaa jukwaani na mwanawe anaona kila kitu. Huo mkono wako mwepesi una bei, mwanangu, ila hujaupeleka kwa anayeujua. Benki haiujui.

Na kanuni ziko upande wako. Vipo vitengo vya vijana vinavyotaka farasi awe mali ya mpandaji au ya familia yake, lakini vipo vingine vingi ambavyo havijali farasi ni wa nani, mradi mpandaji ni kijana. Kufuzu kwa ubingwa wa taifa, kwa sehemu kubwa, ni kwa farasi: ama akusanye alama kwenye maonyesho ya msimu, ama ashike nafasi za juu kwenye kanda. Ina maana ukimfuzisha farasi wa mtu, umemwongezea thamani mali yake. Hilo ndilo la kumwambia. Tena kuna vitengo vya upandaji ambamo waamuzi humtazama mpandaji badala ya farasi: unavyokaa, mkono ulipo, mgongo wako, unavyoomba jambo na unavyolipata. Huko kufuzu ni kwako wewe. Kama kocha hajakuingiza huko, mwulize kwa nini, maana ndiko msichana asiye na farasi wa bei anakoweza kuwashinda walio naye.

Usiende kuomba kwa jumla. Mwulize kocha swali moja: "Ni nani hapa ana farasi aliyekwisha fundishwa na msimu ujao hana wa kumpanda?" Kila mwisho wa kiangazi mabinti wa mazizini huenda chuo kikuu, farasi wao wakabaki wanakula na kunenepa, na wazazi wao wanatazama bili ile ile. Anza na hao. Mkikubaliana, yaandikwe: nani analipa nini, farasi akiumia inakuwaje, bima ni ya nani, farasi akiuzwa katikati ya msimu wewe unabaki wapi. Asaini mama au baba, kwa sababu kisheria wewe bado mtoto. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa bili ya daktari ambayo kila upande ulidhani ni ya mwenzake.

Ukikosa farasi msimu ujao, usikae nje ya ulingo ukisubiri. Ipo Interscholastic Equestrian Association, ya mashindano ya farasi kwa wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 12, ambako huna haja ya kumiliki farasi hata kidogo. Wenyeji ndio wanaotoa farasi, mnagawiwa kwa bahati nasibu, unampanda uliyemwangukia bila mazoezi naye. Si farasi wa Kiarabu lazima, najua, utanuna. Lakini kumpanda farasi usiyemjua akakusikiliza ndicho kipaji chenyewe unachonieleza, na vyuo vikuu vina mashindano ya mtindo huo huo chini ya Intercollegiate Horse Shows Association. Klabu za vijana za 4-H, ambazo kwenu zinasimamiwa na Chuo Kikuu cha Minnesota, nazo zina programu ya farasi katika kaunti, na gharama yake mama yako hatacheka. Na utakapofika wakati wa chuo, Arabian Horse Foundation hutoa ufadhili wa masomo kwa vijana wa fani hii. Hapo neno ufadhili lina maana kamili: pesa ya karo, ile ile baba anayoiheshimu.

Tuseme farasi amepatikana. Upande wako wa karatasi utabaki na kitu, pengine dola elfu moja na ushei. Hizo ndizo za kuomba, na kuomba kwenyewe ni kuuza.

Barua yako ya sasa inazungumza ndoto zako. Meneja wa duka hana haja na ndoto yako, ana haja na wateja. Tena ulingoni huvai fulana yenye nembo mgongoni kama mchezaji wa mpira, umevaa koti na mavazi ya kitengo chako, kwa hiyo usimuahidi kuonekana mahali ambapo hataonekana. Fanya hivi. Chagua biashara ambazo wenyewe wanaweza kukuona kwa macho: duka la chakula cha mifugo karibu na zizi, fundi wa matrela, wakala wa bima, duka la vyakula la Wakenya, saluni ya mama fulani. Nenda mwenyewe, na mzazi. Barua isizidi ukurasa mmoja, ianze kama hivi:

"Naitwa fulani, nina miaka 16, kila wikendi nafanya kazi kwenye zizi lililo jirani nanyi. Msimu ujao nitampanda farasi fulani, wa Bwana fulani, kwenye ubingwa wa Kanda ya 10 St. Paul. Naomba dola 200 za banda lake na maranda. Kwa hizo, jina la duka lenu litakuwa kwenye bango la mabanda yetu siku zote za onyesho, nitaweka picha na taarifa kwenye ukurasa wangu kila wiki, na baada ya msimu nitakuletea hesabu ya kila dola pamoja na picha ya kutundika dukani."

Unaona tofauti? Kiasi kinajulikana, kazi yake inajulikana, na atakachopata kinajulikana. Mtu anaweza kukubali akiwa amesimama kaunta. Kabla ya kuahidi bango, hakikisha kocha anaruhusu, kwa sababu mapambo ya mabanda ni ya zizi zima.

Jambo la kodi, maana watakuuliza. Mtu akikupa wewe binafsi, au akichanga kwenye ukurasa wa michango mtandaoni wenye jina lako, hawezi kuikata kwenye kodi yake kama sadaka. Biashara ikilipia tangazo, hiyo inaingia kwenye gharama za biashara kama matangazo mengine. Ndiyo sababu nyingine ya kuwauzia tangazo badala ya kuwaomba msaada. Na asikudanganye mtu kwamba pesa ikipitia kwenye shirika la hisani kwa jina lako inageuka sadaka halali. Mamlaka ya kodi haikubali sadaka iliyotengwa kwa mtu mmoja maalumu.

Sasa baba yako. Kuhusu harambee ana haki, na nakuomba usimrudie kwa hilo. Wale watu mnaokutana nao ukumbini wana mtu wao wodini au jeneza linalosubiri tiketi ya ndege. Lakini kuuza si harambee. Ukipika mahamri na viazi karai Ijumaa ukawauzia watu wale wale, kila mmoja anaondoka na kifungua kinywa chake na hakuna aliyesimamishwa mbele ya mwenziwe. Naamini baba mwenyewe atabeba sufuria.

Ila aliposema farasi si mambo yetu, hapo nitamkosoa kidogo, kwa heshima zake. Mwambie, baada ya magharibi, kwa Kiswahili, kwamba mwaka 1840 ilitia nanga New York merikebu inayoitwa Sultanah, imetoka Zanzibar, imepakia karafuu, pembe na tende. Sayyid Said alikuwa ameituma, chini ya Ahmad bin Na'aman, na ndani yake mlikuwa na farasi wawili wa Kiarabu, zawadi kwa Rais Martin Van Buren. Rais hakuruhusiwa kuzichukua zawadi ziwe zake, Bunge likaingilia, farasi wakauzwa na pesa zikaingia hazina. Kwa hiyo farasi wa Kiarabu aliwahi kwenda Marekani kutoka pwani yetu kabla Minnesota haijawa jimbo. Sidhani kama hadithi hiyo italipa bili hata moja. Lakini baba anayeendesha lori atapenda habari ya mzigo uliovuka bahari, na mwambie aje zizini Jumamosi moja akuone ukipanda. Wanaume wengi wanaokataa jambo huwa hawajalitazama.

Hijabu: usiivue kwa ajili ya mfadhili. Anayelipia banda la farasi hanunui nywele zako. Kilicho muhimu ni usalama. Tumia kitambaa chembamba kisicho na fundo wala pini chini ya helmeti, ncha zote ziingie ndani ya kola, na helmeti ipimwe ukiwa umeshakivaa, isije ikacheza kichwani. Kwenye onyesho kubwa, mama aiandikie ofisi ya onyesho mapema, majibu yao muyachapishe na kuyaweka ndani ya kisanduku cha matandiko, ili mlinzi wa lango asikuchoshe asubuhi ya mashindano. Na koti nunua la mtumba. Mabinti hukua, makoti yao huuzwa yakiwa bado mazima. Angalia mabega kwanza, mikono fundi yeyote ataikunja.

Limebaki suala la tarehe. Kwa kanuni za USEF umri wako unahesabiwa kama ulivyo 1 Desemba, na unabaki huo huo msimu mzima. Ukitimiza 18 unaingia kwenye kanuni za ridhaa, yaani za wanamichezo wasiolipwa: ukilipwa kupanda au kufundisha, unahesabiwa kuwa wa kulipwa, japo kusafisha mabanda hakukudhuru. Mafunzo ya SafeSport nayo yanakuwa lazima. Kwa hiyo una msimu ujao kama kijana, na kuna uwezekano wa mwingine baada yake. Hukuniandikia siku uliyozaliwa. Ihesabuni leo jioni wewe na mama, kwa sababu mwenye farasi akitaka kukupa farasi wake, hilo litakuwa swali lake la kwanza.

Khalati